Msafiri Maskini: Somo Kutoka Mangapwani



Wahenga walisema, "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Wengi wetu twalijua neno hili tangu utoto, na tumelisema mara nyingi bila kulifikiri. Katika somo la mwezi huu twapenda kulitazama kwa makini, kwa kuwa siku hizi vijana na hata watu wazima wa mtaa wetu hupanga safari za mapumziko katika nchi za jirani, wakiwa marafiki watano au sita, na fedha zao ni kidogo. Jambo hilo ni jema. Lakini tumeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa safari ya juma moja. Wetu ulikaribia kuvunjika, nasi twaona yafaa tuwaeleze ilivyokuwa ili ninyi mpate kujihadhari.

Tulikuwa watano, wote wa Mombasa: wanawake watatu na wanaume wawili. Tulikwenda Unguja kwa siku saba.

1. Kabla ya kuondoka

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba hatuendi ugenini. Tulisema, "Kiswahili ni kimoja, bahari ni moja, watu ni wamoja." Kwa hiyo hatukuuliza maswali ambayo mtu aendaye Ulaya huyauliza. Kumbe mpaka ni mpaka. Mwenye kutoka Kenya kwenda Tanzania lazima awe na hati ya kusafiria, na yafaa awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana huulizwa. Ukitoka Mombasa kwa basi, utapita Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga, hata ufike Dar es Salaam. Safari hiyo humaliza siku nzima. Kutoka Dar es Salaam boti za mwendo wa kasi huchukua kama saa mbili, na nauli ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Ukishuka bandarini Malindi, hati yako hutazamwa tena, ingawa ulikwisha kuionyesha mpakani. Tena, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Zanzibar iliwataka wageni watokao nje wakate bima ya safari; ilipoanza ilikuwa dola 44 kwa mtu mzima. Masharti kama haya hubadilika, basi ulizeni mapema yanavyowahusu ninyi, na fedha yake iwekwe kando kabla ya kuhesabu chakula na malazi.

Hata lugha ilitukumbusha kuwa tu wageni. Dada mmoja katika sisi alimwona mtoto mdogo mlangoni, akamwita kwa Kimvita, "Ndoo!" Mtoto akaingia ndani mbio, akarudi amebeba ndoo ya maji. Tulicheka sana, na mama wa mtoto akacheka nasi. Lakini tulijifunza: neno ulilozaliwa nalo huenda likawa na maana nyingine ng'ambo ya maji. Mwenye kujua hayo husikiliza kwanza, ndipo akasema.

2. Mfuko wa aliye na kidogo

Kosa letu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Hatukuulizana kila mmoja ana fedha kiasi gani. Tuliona haya. Mmoja alitaja kiasi ambacho yeye angeweza, wengine wakaitikia, na aliyekuwa nacho kidogo naye akaitikia.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme wanne wana shilingi 40,000 za Kenya kila mmoja, na wa tano ana 25,000. Jumla ni 185,000. Ukigawanya kwa watano, wastani ni 37,000. Mtu atasema, "Basi tupange safari ya 37,000." Lakini yule wa tano amekwisha kupungukiwa 12,000 kabla hajafunga mzigo wake. Wastani hauwezi kumlisha. Njia za haki ni mbili tu. Ya kwanza, safari ipangwe kwa 25,000, na wote waishi hivyo. Ya pili, wale wanne wakubali kwa wazi, wakiwa bado nyumbani, kwamba kila mmoja ataongeza 3,000 ili kumfikisha mwenzao 37,000, wala jambo hilo lisitajwe tena njiani. Njia ya tatu, ya kunyamaza na kutumaini, ndiyo tuliyoifuata sisi.

3. Siku ya tatu

Tulipata nyumba ya wageni ya bei ndogo katika Mji Mkongwe. Asubuhi tulikula boflo na maharage, jioni tukashuka Forodhani, au tukanunua urojo mtaani. Siku mbili zilikwenda vizuri. Siku ya tatu tukakubaliana kukodi gari kwenda Mangapwani, kama kilomita 20 hivi kaskazini ya mji. Dada yetu mmoja akasema kichwa chamuuma, tumwache alale. Tukamwacha. Wala hatukuuliza sana, kwa kuwa tulikuwa na haraka ya kuiona bahari.

Njia ya Mangapwani hupita Maruhubi, Mtoni, Bububu na Chuini, katikati ya minazi na mashamba. Huko kuna mambo mawili ambayo wageni huyaendea. La kwanza ni pango lililojifanya lenyewe katika mwamba wa matumbawe, na ndani yake mna maji matamu. La pili ni chumba cha watumwa. Hiki hakikujifanya chenyewe. Kilichimbwa na watu katika mwamba, kikaezekwa juu, na ngazi nyembamba inashuka mpaka vyumba viwili vya giza.

Yafaa msomaji ajue kwa nini chumba hicho kipo. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini mjini likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa kuu letu la Anglikana liliwekwa mahali pa soko hilo, nalo likajengwa chini ya uongozi wa Askofu Edward Steere. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa biashara. Ilihamia mahali pa kujificha. Chumba cha Mangapwani, yasemwa, kilijengwa mnamo mwaka 1880 na tajiri mmoja, Mohammed bin Nassor Al-Alwi, ili watu wafichwe humo mpaka usiku wapelekwe majahazini. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897.

Basi tulishuka ngazi zile. Mwenzetu mmoja, kijana mcheshi, akaweka mikono yake pamoja kama aliyefungwa minyororo, akataka apigwe picha. Tukacheka. Mzee aliyekuwa akituongoza hakucheka. Alinyamaza mpaka tulipotoka juani, ndipo akauliza, "Wanangu, mmekuja wangapi kutoka kwenu?"

"Watano, mzee."

"Nami nawaona wanne."

Tukamweleza kuwa mmoja ni mgonjwa, amebaki mjini.

"Mmemwacha na nani?"

Hatukuwa na jibu. Mzee akasema kwa upole, "Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, sembuse katika nchi ya watu." Hakuongeza neno. Hakuna aliyetaka tena kuoga baharini. Tukarudi.

Tulimkuta dada yetu ameketi barazani, hana homa wala kichwa hakimuumi. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai na kula boflo moja. Fedha zake zilikuwa zimebaki nauli ya kurudi na kidogo sana juu yake. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alilia, akajibu, "Sikutaka kuwa mzigo." Mmoja wetu akakasirika, akasema ametudanganya. Mwingine akasema ni sisi tuliomdanganya, kwa kujifanya hatuoni kwamba kila jioni alisema ameshiba. Maneno makali yakatoka. Jioni ile tulikaribia kugawana vitu na kurudi kila mtu kwa njia yake.

4. Jinsi tulivyotengeneza

Hatukutengeneza kwa werevu. Tulitengeneza kwa daftari. Usiku ule kila mmoja aliweka mezani fedha zote alizo nazo, tukazihesabu mbele ya wote. Kwanza tuliondoa nauli ya kurudi ya watu watano, tukaitia katika bahasha, tukaifunga. Zilizobaki zikawa mfuko mmoja. Tukamchagua mtunza fedha, naye akawa yule dada, kwa sababu ndiye aliyejua thamani ya kila shilingi. Kila jioni alisoma hesabu kwa sauti: mkate, chai, nauli, malazi. Aliyetaka kitu cha kujifurahisha yeye peke yake, kama vile zawadi za nyumbani, alikisubirisha mpaka siku ya mwisho.

Na tazameni, siku nne zilizobaki zilikuwa nzuri kuliko tatu za kwanza. Tuliacha magari ya kukodi, tukapanda daladala, na ndani ya daladala tuliongea na watu. Siku ya tano tulirudi Mangapwani, watano, kwa gari la Bumbwini. Yule kijana mcheshi alimtafuta mzee, akamwamkia, "Shikamoo mzee," akamwomba radhi. Mzee akasema, "Marahaba, mwanangu. Yamekwisha." Kisha akatuhesabu kwa kidole, mmoja mpaka watano, akatabasamu.

Tulishuka tena ngazi zile, safari hii kimya. Mmoja wetu akasema jambo ambalo hatujalisahau: wale waliofichwa humo walikuwa wageni Unguja kama sisi. Walitoka mbali bara, wengi wao nchi za Nyasa na Wayao na Manyema, na kila mmoja alitengwa na watu wake. Hawakuulizwa kama wataka kusafiri, wala hawakuwa na bahasha ya nauli ya kurudi. Sisi tulipewa vyote viwili, hiari ya kwenda na njia ya kurudi, nasi tulikuwa tumeanza kumtenga mmoja wetu kwa shilingi elfu chache.

5. Adabu za mgeni

Mengine tuliyojifunza ni mafupi, nayo twayaandika hapa kwa faida ya watakaosafiri.

(a) Vaeni mavazi ya heshima mnapopita mitaani. Nguo za kuogea zibaki pwani. Kanga moja mkobani husaidia katika mambo mengi.

(b) Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa hadharani mchana. Huu ni mji wa Waislamu, nasi tu wageni wao.

(c) Usipige picha ya mtu kabla ya kumwomba ruhusa. Na mahali pa msiba, jiulize kwanza kama picha yafaa.

(d) Badilisheni fedha benki au katika duka lenye kibali. Sisi tulibadilisha njiani kwa mtu aliyetuahidi bei nzuri, na tulipohesabu tena tulikuwa tumepungukiwa.

(e) Kama mtakaribishwa nyumbani kwa mtu, kumbukeni kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Osheni vyombo, tekeni maji, wala msingoje kuambiwa.

6. Neno la mwisho

Sasa twarudi kwa methali yetu. Kwa nini msafiri ni maskini, ajapokuwa sultani? Kwa sababu ugenini hata mwenye fedha hana jirani wa kumjua, hana mlango wa kubisha usiku, hana shangazi wa kumpikia uji akiugua. Hazina yake ni wale aliokuja nao, na wema wa wenyeji. Basi anayemwona haya mwenzake kwa umaskini wa mfuko amesahau kuwa ng'ambo ya maji wote ni maskini pamoja. Tuhesabuni fedha mapema, na kwa wazi. Kisha, kila tupandapo gari na kila tushukapo, tuhesabiane sisi kwa sisi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini ni vigumu kumwambia rafiki, "Sina kiasi hicho"? Twawezaje kulifanya neno hilo kuwa rahisi katika kikundi chetu?

2. Katika hesabu ya watu watano iliyo juu, ninyi mngechagua njia ipi kati ya zile mbili? Kwa sababu gani?

3. Yule dada alisema, "Sikutaka kuwa mzigo." Je, alikosa yeye, au walikosa wenzake, au wote?

4. Je, katika mtaa wetu wako wageni waliotoka nchi nyingine? Ni nani aliyekwisha kuwauliza, "Mmekuja wangapi, na mwenzenu yuko wapi?"