Mtihani wa Ubora wa Huduma: Je, Tumsaidie Binti Yetu?



Hivi karibuni mzee mmoja mvuvi wa hapa Kipili alinisubiri nje ya wodi mpaka nikamaliza zamu. Binti yake ni muuguzi katika hospitali ya mjini. Ameandika nyumbani kuomba wazazi wamsaidie fedha za kufanya mtihani wa kimataifa wa ubora wa huduma za afya. Yule mzee aliniuliza: "Mama Nesi, mtoto huyu alisoma, akafaulu, akapewa leseni. Mtihani gani tena huu? Niuze magunia ya mahindi kwa ajili ya karatasi?"

Swali lake ni la haki. Kwa kuwa familia nyingi zina kijana anayefanya kazi ya afya, nimeona tulijibu hapa kwa pamoja.

UBORA NI NINI?

Wengi hudhani kuwa hospitali bora ni ile yenye majengo mapya na dawa nyingi. Hivyo ni vitu vya lazima, lakini havitoshi. Nitawasimulia jambo moja.

Miaka mingi iliyopita, katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, aliletwa usiku mama aliyejifungulia njiani ndani ya mtumbwi. Alikuwa akitoka damu nyingi. Sindano ya oksitosini, ambayo husaidia tumbo la uzazi kujikaza na damu kukata, ilikuwepo. Lakini chumba cha dawa kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenzetu aliyekwisha kwenda nyumbani. Tulimkimbilia, tukarudi. Mama yule alipona kwa chupuchupu.

Asubuhi tulifanya nini? Tulimkaripia aliyeondoka na ufunguo. Alilia, akaomba radhi, nasi tukaona mambo yamekwisha. Baada ya miezi miwili akaletwa mama mwingine mwenye shida ile ile. Safari hii ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Mama huyo alifariki, akaacha kichanga na watoto wengine wawili.

Ndipo tulipoacha kuuliza "Nani amekosa?" tukaanza kuuliza "Kwa nini?" Kwa nini dawa ilichelewa? Ufunguo haukuwepo. Kwa nini haukuwepo? Mtu ameondoka nao. Kwa nini ameondoka nao? Hauna mahali pake. Kwa nini hauna mahali pake? Hakuna utaratibu wa kukabidhiana zamu. Dawa ya tatizo hilo haikuwa karipio. Ilikuwa msumari mmoja ukutani, daftari la makabidhiano, na trei ya dharura ya kutoka damu inayohesabiwa kila zamu. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya sanda.

Huo ndio ubora: kupanga kazi ili mgonjwa apate huduma sahihi kwa wakati wake, hata usiku, hata kama aliye zamu ni mgeni.

ELIMU HII IMETOKA WAPI?

Elimu hii ina historia ndefu. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna aliona wazazi wengi wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi waliyohudumiwa na madaktari waliotoka kupasua maiti. Aliwaagiza wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili mwaka huo walikuwa wakifa wazazi 18 hivi kati ya kila 100. Kufika Juni walikuwa 2 hivi. Aliweza kuonyesha jambo hilo kwa sababu alihesabu.

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut, alifundisha kwamba ubora unapimwa kwa mambo matatu: vitu na watu tulio nao, namna tunavyofanya kazi, na matokeo kwa mgonjwa. Katika kisa chetu dawa ilikuwepo na wauguzi walikuwepo. Kilichoharibika ni namna ya kufanya kazi, na matokeo yake yalikuwa kaburi.

Hapa kwetu Tanzania, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuboresha huduma mwaka 2004, ikautoa upya mwaka 2011. Mwaka 2007, kwa msaada wa Japani, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza utaratibu wa S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Utaratibu huo ulitoka katika viwanda vya Japani, ukajaribiwa katika hospitali ya akina mama huko Colombo, Sri Lanka, kisha ukaja kwetu. Kuanzia mwaka 2015 zahanati, vituo vya afya na hospitali vilipimwa na kupewa nyota, toka sifuri hadi tano.

MTIHANI WENYEWE

Mtihani anaoutaka binti wa yule mzee unaitwa kwa kifupi CPHQ, yaani cheti cha mtaalamu wa ubora wa huduma za afya. Hutolewa na chama cha taifa cha wataalamu wa ubora cha Marekani, NAHQ, lakini watu wa nchi nyingine huufanya pia. Una maswali 140 ya kuchagua jibu, na muda wake ni saa tatu. Maswali 125 tu ndiyo huhesabiwa. 15 ni ya majaribio, na mtahiniwa hajui ni yapi. Lugha ni Kiingereza. Hakuna sharti la shahada, ila anayeuomba anashauriwa awe amefanya kazi za ubora kwa miaka miwili hivi. Cheti hudumu miaka miwili, kisha mwenye nacho huthibitisha saa 30 za kujiendeleza ili kukihuisha.

Jambo moja lieleweke. Cheti hiki si leseni. Leseni ya kuuguza hapa nchini hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na hakuna cheti cha nje kinachochukua nafasi yake. Wala hakiahidi kupandishwa mshahara.

KABLA YA KULIPA

1. Kijana aanze na kazi aliyo nayo. Ajiunge na timu ya uboreshaji wa huduma hapo hospitalini. Asiyewahi kutengeneza hata tatizo moja la wodi yake atakariri maneno tu.

2. Asome masharti ya mwaka huo kwa chama chenyewe, asipitie kwa mtu wa kati. Ada na taratibu hubadilika.

3. Jina analojiandikisha nalo lifanane na lililo katika kitambulisho chake. Kwa wale tuliobadili majina baada ya ndoa, hapa ndipo wengi hukwama.

4. Ajue atafanyia wapi. Mtihani unafanywa kwa kompyuta, katika kituo cha mitihani au kwa intaneti huku msimamizi akimwona. Mtandao wa pwani yetu hukatika, na umeme pia. Nauli na malazi ya mjini vihesabiwe pamoja na ada.

5. Alipe akiwa amekwisha kusoma. Akishakubaliwa, muda wa kufanya mtihani una mwisho wake.

6. Awakimbie wanaouza "majibu". Anayenunua majibu ya mtihani wa usalama wa mgonjwa amekwisha kushindwa mtihani huo.

NAMNA YA KUJIANDAA

Muda wa miezi minne, saa moja kila siku, unafaa kwa mtu mwenye zamu na familia. Mambo makubwa ya kusoma ni usalama wa mgonjwa, uongozi, njia za kuboresha kazi, na takwimu. Wauguzi wengi huogopa takwimu, nami nilikuwa mmoja wao. Hebu tujaribu.

Wagonjwa watano walisubiri dakika 20, 25, 30, 35 na 190. Jumla ni 300. Ukigawa kwa 5, wastani ni dakika 60. Lakini wanne kati yao hawakufikisha hata 40! Namba ya kati, ambayo ni 30, inaeleza hali ya wengi vizuri zaidi, na ile 190 inatuambia kuna mmoja aliyesahauliwa benchini. Mtahiniwa ajue lini atumie ipi.

Mfano wa pili: mwezi mmoja akina mama 60 walifanyiwa upasuaji, na vidonda 3 vikaoza. Mwezi uliofuata walikuwa 20, vikaoza 2. Je, hali ni nzuri zaidi? Hapana. Tatu kwa 60 ni 5 kwa mia. Mbili kwa 20 ni 10 kwa mia. Tatizo limeongezeka maradufu.

Ajifunze pia mzunguko wa hatua nne: panga, fanya kwa kiasi kidogo, chunguza matokeo, kisha amua kuendelea au kurekebisha. Tulipoweka ule msumari wa ufunguo, tulijaribu kwanza kwa wiki moja. Tukakuta kuwa zamu ya usiku hawauoni gizani, tukauhamishia karibu na meza ya muuguzi.

Maswali mengi hayaulizi kumbukumbu, yanauliza uamuzi. Jaribuni hili nyumbani. Mgonjwa amepewa dawa isiyo yake. Ameangaliwa, hana madhara. Kiongozi wa ubora aanze na nini?

(a) Amwandikie muuguzi onyo.
(b) Awafundishe wauguzi wote upya.
(c) Achunguze hatua zote aone kosa lilipitia wapi.
(d) Asubiri aone kama litarudi.

Jibu ni (c). Mkisoma tena kisa cha ufunguo mtaona kwamba sisi tulichagua (a), na tukalipa kwa uhai wa mtu.

FAMILIA IFANYE NINI?

Anayejiandaa huhitaji taa, meza na utulivu. Baba asaidie watoto wakati mama anasoma. Watoto wakubwa wamsomee maswali. Tusimcheke mtu mzima kwa kushika daftari. Daktari Adriano Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alisomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa pwani hii ya Tanganyika hadi uzee wake. Alifariki mwaka 1956. Hakuna aliyeuliza karatasi yake ina faida gani, maana faida ilionekana kwa wagonjwa.

Na akishindwa mara ya kwanza? Aangalie ni sehemu gani ilimshinda, apumzike, arudie. Hata hiyo ni kuboresha kazi.

JIBU LANGU KWA YULE MZEE

Nilimwambia: "Baba, usiuze mahindi ya chakula. Mwulize binti yako swali moja: ni tatizo gani la wodi yako umelirekebisha mwaka huu? Akikujibu kwa mfano na kwa hesabu, msaidie kadiri ya uwezo wako. Akikosa jibu, mwambie aanze hapo, mtihani utamngoja."

Mzee alifikiri kidogo, akasema: "Kumbe ni kama nyavu. Samaki akitoroka, hatumpigi mvuvi, tunatafuta tundu." Sikuwa na la kuongeza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, zahanati yetu ina jambo linalorudiwa kukosewa? Tumewahi kuuliza "kwa nini" hadi mwisho?
2. Nyumbani kwetu, dawa na kadi za kliniki za watoto vina mahali pake panapojulikana na wote, hata usiku?
3. Tunamsaidiaje ndugu yetu anayesoma akiwa kazini?