Kuondoka kwa Kasi na Kubadili Gia katika Gari la Michezo

Ufundi wa kuliondoa gari la michezo likiwa limesimama, pamoja na ule wa kubadili gia likiwa mbioni, huutegemea mguu wa kushoto wa dereva kuliko nguvu za mkono wake, na jambo hilo hudhihirika vizuri katika Honda S2000, gari la viti viwili lililoanza kuuzwa mwaka 1999 likiwa na giaboksi ya mkono ya gia 6 na injini ya lita 2.0 inayofikia mizunguko 9,000 kwa dakika. Injini hiyo haina turbo, na nguvu zake huchangamka inapokaribia mizunguko 6,000, pale mfumo wa VTEC unapozifanya vali zifunguke zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Klachi ni sahani inayobanwa kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, na baina ya kubanwa na kuachiwa ipo sehemu ndogo ambapo huanza kushika. Dereva hana budi kuizoea sehemu hiyo kwanza, kwenye uwanja tambarare, akiweka gia ya kwanza na kuachia klachi polepole bila kukanyaga mafuta hadi gari lijikokote lenyewe. Baada ya hapo, kwenye njia iliyofungwa kwa ajili ya mashindano, ataanza na mizunguko kama 3,000 na kuiongeza kidogo kidogo, akiinua mguu upesi hadi klachi inaposhika, akiutuliza hapo kwa kitambo kifupi mno, kisha akimalizia kuiachia huku akiongeza mafuta. Mizunguko ikiporomoka na gari likasitasita, aliondoka nayo chini mno. Matairi ya nyuma yakizunguka patupu, apunguze mafuta kidogo badala ya kukanyaga klachi tena, kwa kuwa msuguano wa namna hiyo ndio unaoiunguza. Harufu ya kuungua ikisikika, mazoezi yasimame mpaka klachi ipoe.

Katika kupandisha gia, hesabu ndiyo inayoongoza. Uwiano wa gia ya kwanza katika gari hilo ni 3.133 na wa pili ni 2.045, kwa hiyo anayebadili kwenye mizunguko 9,000 huangukia takriban 5,900, karibu kabisa na pale VTEC inapoanza kazi, ilhali anayebadili kwenye 8,000 huangukia karibu 5,200 na kuikuta injini imepoa nguvu. Mpini wa gia usukumwe kwa kiganja kilicholegea, ukisita kidogo katikati, ili pete zinazolinganisha mwendo wa gia zipate nafasi ya kufanya kazi yake; kuubana kwa ngumi huupeleka upande usiokusudiwa.

Kosa hilo la upande ndilo baya kuliko yote. Dereva aliye gia ya tatu kwenye mizunguko 9,000, akitafuta ya nne lakini akaingiza ya pili na kuachia klachi, huilazimisha injini kuelekea mizunguko zaidi ya 12,000, na kidhibiti cha mizunguko hakiwezi kuiokoa, kwani kazi yake ni kukata mafuta tu, hali wakati huo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Vali zikigongana na pistoni, injini hufunguliwa yote, na mara nyingi hubadilishwa.