Taa Inang'aa, Barabara Ina Giza: Jinsi Kompyuta Inavyopima Mwangaza

Mkazi anayetazama juu na kuona taa ya barabarani ikimchoma macho huenda akadhani kazi imefanyika. Akitazama chini asione shimo lililo mbele yake, basi pesa za umeme zinapotea bure. Taa za barabarani ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na bili yake hulipwa kwa fedha za umma.

Wengi wakisikia habari za taa huuliza ni ya wati ngapi. Wati huonyesha umeme unaotumika, si mwangaza. Mwangaza unaotoka hupimwa kwa lumeni. Mathalan, taa ya LED ya wati 100 yenye kutoa lumeni 120 kwa kila wati huanza na lumeni 12,000. Swali ni ngapi zitafika barabarani.

Hapo ndipo wahandisi hutumia programu kama LightTools au TracePro kabla ya taa kutengenezwa. Programu hugawanya mwangaza kuwa miale, tuseme 10,000, kila mmoja ukibeba lumeni 1.2, kisha hufuata safari ya kila mwale. Mwingine hupita kwenye lenzi, mwingine humezwa na kuta za ndani. Kioo cha kawaida pekee hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwangaza kwenye kila uso wake, na kina nyuso mbili.

Miale 8,500 ikitoka nje, ufanisi wa taa ni asilimia 85. Muuzaji atakimbilia kutangaza idadi hiyo. Lakini ikiwa ni miale 4,250 tu inayotua barabarani, kilichofika ni lumeni 5,100, yaani asilimia 42.5. Iliyobaki inaangaza mapaa, miti na mawingu. Ni kama maji: yaliyotoka kwenye tangi si yale yanayojaza ndoo ya mama mferejini.

Hesabu hii nayo ina mitego. Ikiwa sehemu ndogo, kama kivuko cha wanafunzi, imepata miale 25 pekee, jibu linaweza kupotoka kwa takriban asilimia 20 kwa bahati tu. Ikipata miale 10,000, kosa hushuka hadi karibu asilimia 1. Kwa hiyo, ili kupunguza kosa mara 10, miale huongezwa mara 100, na kompyuta huchukua muda mrefu zaidi.

Mtego mwingine ni kuiambia programu kwamba sehemu ya kuakisi hurudisha mwangaza wote. Hakuna alumini ya namna hiyo, hata iliyong'arishwa vipi. Kisha kuna vumbi, ambalo wakazi wa barabara za murram wanalijua vyema. Taa safi ya kwenye kompyuta si ile iliyokaa juu ya mlingoti miaka mitatu bila kupanguswa.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa za mradi. Katika kikao cha kushirikisha umma, mkazi anaweza kuuliza: asilimia iliyoandikwa ni ya mwangaza unaotoka kwenye taa, au unaofika barabarani? Na je, vumbi lilihesabiwa?