Neno "Ban": Maana Yake na Asili Yake

Somo letu la leo ni juu ya neno la Kiingereza "ban". Ni neno fupi, nalo msomaji wa Nyeri, Karatina au Meru hulikuta mara nyingi magazetini. Maana yake ni kupiga marufuku, yaani kuzuia jambo kwa amri ya mwenye mamlaka. Mama akimkataza mtoto kuchezea moto, Mwingereza hasemi "ban", husema "forbid". "Ban" yataka amri itangazwe hadharani, kama ile ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutumika Kenya tarehe 28 Agosti 2017.

Sababu imo katika asili ya neno. Katika Kiingereza cha kale "bannan" maana yake ilikuwa kuwaita watu kwa tangazo, kama mfalme alipokusanya askari wake. Sisi tungesema kupiga mbiu. Watu wa kaskazini ya Ulaya walikuwa na neno la ukoo huo lenye maana ya kukataza na kulaani, na polepole mbiu ya kuita ikawa mbiu ya kuzuia. Hata hivyo maana ya kwanza haikufa. Matangazo ya ndoa yasomwayo kanisani huitwa "banns", wala hayazuii arusi (ingawa mwenye pingamizi hupewa nafasi ya kusema!). "Bandit", yaani mnyang'anyi, nalo lilitoka Italia, ambako lilikuwa jina la mtu aliyetangazwa kuwa amefukuzwa.

Nchi ya Mlima Kenya imeyaona matangazo ya namna hiyo. Kikuyu Central Association ilipigwa marufuku mwaka 1940; Mau Mau Agosti 1950; na KAU, iliyokuwa imefanya mkutano mkubwa Nyeri mwezi wa Julai 1952, ikafuata Juni 1953. Amri juu ya Mau Mau ndiyo iliyodumu kuliko zote. Desemba 1963 uhuru ulifika, na wapiganaji wakatoka msituni wakakusanyika katika uwanja wa Ruring'u, lakini amri ile haikuondolewa. Iliondolewa mwaka 2003, wakati wa Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya. Basi kwa miaka 53, arobaini yake ikiwa ya uhuru, mzee aliyepigana hakuweza kuandikisha chama kwa jina lile. Baada ya hapo chama kiliandikishwa, mwaka 2009 wazee walifungua kesi London, na mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228.

Mwanafunzi aangalie jambo moja zaidi. Kuondoa amri ya namna hii Waingereza husema "lift", ambalo kwa kawaida ni kuinua mzigo. Asiandike kwamba marufuku "imeinuliwa". Kwa Kiswahili huondolewa, au hufutwa.