Tukio na Ngoma: Ukuaji wa Vikundi vya Kijamii, Japani na Kusini mwa Tanzania

Makala haya yanajadili namna kikundi cha ngoma cha kijamii kinavyokua. Hoja yetu ni kwamba kikundi hukuzwa kwanza na tukio linalokihitaji, ndipo ufundi wa wapigaji ufuate. Tutalinganisha taiko ya Wajapani na ngoma za ukanda wa Mandawa, baina ya Ruangwa na Nachingwea, katika nchi ya Wamwera na jirani zao Wamakonde na Wayao.

Wengi hudhani kwamba kikundi cha taiko ni sanaa kongwe. Ngoma ni kongwe, kikundi sicho. Mwaka 1951 Daihachi Oguchi, mpigaji ngoma wa jazi huko Nagano, alizikusanya ngoma za ukubwa mbalimbali, akaigawia kila moja sauti yake na kuzipigisha pamoja. Ndiyo asili ya kumi-daiko. Huko Los Angeles, kikundi cha Kinnara kilichoanza mwaka 1969 kilitengeneza ngoma zake kwa mapipa ya mvinyo. Chombo kilibadilika, lakini tukio, yaani sikukuu ya Obon ya kuwakumbuka wahenga, lilibaki.

Kwa Wamakonde ugawaji huo wa sauti si jambo geni: likuti ina kazi yake, vinganga vina yake, na ngozi huambwa na kukazwa kwa moto. Kilichozikutanisha ngoma hizo ni jando na unyago baada ya mavuno. Kijana alijifunza kupiga kwa kuwa palikuwa na wari wa kuchezwa.

Sindimba inatupa funzo gumu zaidi. Baada ya Uhuru ilipandishwa jukwaani na kikundi cha taifa cha ngoma, ikaenea nchini kote. Waliojifunza mbali na kusini waliupata mtikisiko wa kiuno, wakayakosa mafunzo yake (na wengine, bila haki, wakaiita matusi).

Beni, kwa upande wake, haikuhitaji unyago. Marini na Arinoti walikuwa na vyeo, michango na, zaidi ya yote, mahasimu; hasimu alikuwa tukio tosha.

Kwa hiyo anayetaka kuunda kikundi Mandawa asianze kwa kununua ngoma. Aulize kwanza ni nani atakayewaalika mavuno yakiisha. Swali hilo ni zito leo, kwani tohara inapofanyika hospitalini, siku za jando hupungua, na pamoja nazo siku za mpigaji mchanga kukaa kando ya mkubwa wake akisikiliza.