Kuzalisha Chatu Katika Baridi ya Nairobi

Wengi wanaoniuliza jinsi ya kuzalisha chatu huanza na bei. Mimi huanza na karatasi. Kwa sheria yetu ya wanyamapori ya 2013, nyoka ni mnyamapori kama twiga, na huwezi kumweka nyumbani, kumzalisha wala kumuuza bila leseni kutoka Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS). Tena chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunadai kibali kingine. Mimi hutunza chatu katika shamba dogo lenye leseni upande wa Karen, na jambo moja silegezi: ukiletewa chatu kwenye gunia, kanaswa kichakani, usimnunue. Anakuja na minyoo na kupe, anaweza kususia chakula miezi mingi, na pesa yako inamrudisha mnasaji porini kutafuta mwingine.

Kabla ya leseni yenyewe, nenda Snake Park pale Museum Hill, karibu kabisa na katikati ya jiji. Ipo tangu 1961. Usipite haraka kama wanafunzi walioletwa na basi la shule. Simama mbele ya kioo cha chatu hadi uone anavyopumua, anavyoinua kichwa anapohisi mtu, anavyochagua pa kulala. Nusu ya kazi hii ni kutazama.

Chatu ninayemzungumzia ni wetu wa Kiafrika, yule mkubwa, ambaye mtu mzima wake hufika mita tatu hadi tano. Yule mdogo anayejikunja kama mpira, ambaye Wamarekani wamemzalisha kwa rangi kila aina, kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati. Tofauti hiyo ni kubwa kikazi. Huyu wetu ana nguvu na ana hasira za ghafla, na akishavuka mita mbili na nusu mtu mmoja asimshike wala kumlisha peke yake. Hana sumu, lakini meno yake yamepinda kuelekea nyuma na akiuma hukuachia jeraha la kushonwa.

Sasa tuje kwenye joto, maana Nairobi ndilo linalowashinda wengi. Jiji liko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku magharibi, Karen na Dagoretti, ni juu zaidi. Juni hadi Agosti jua linaweza kupotea kwa siku kadhaa, na usiku joto linashuka hadi nyuzi 10 au 12. Kizimba kinahitaji upande wenye joto la nyuzi 32 hivi na upande wa baridi kidogo, ili nyoka achague mwenyewe. Thamostati tunanunua barabara ya Luthuli mjini, na usitegemee moja. Weka ya pili ya kukata umeme ya kwanza ikikwama. Chatu akikaa kwenye baridi yenye unyevu mapafu yanaugua. Utamwona ameinua shingo, mdomo wazi kidogo, povu pembeni, na ukisikia anakoroma mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Baridi hiyo hiyo, ukiipima, ndiyo inayowaambia chatu kwamba wakati wa kupandana umefika. Tunaacha usiku upoe kidogo kwa wiki kadhaa huku mchana ukibaki na joto, kisha tunamwingiza dume kwa jike. Dume utamjua kwa kucha mbili ndogo pembeni mwa tundu la haja, mabaki ya miguu ya nyuma ambayo chatu walikuwa nayo zamani za kale. Za dume ni ndefu zaidi. Naipenda sana saa ile. Dume hutandaza mwili juu ya mgongo wa jike na kuanza kumkwaruza kwa zile kucha, taratibu, na kama chumba kimetulia unasikia magamba yakisagana.

Jike akishika mimba huacha kula. Usimsumbue na chakula. Hulala chali, tumbo juu, jambo linalomtisha kila mgeni, na mwezi mmoja hivi kabla ya kutaga hujivua gamba. Hapo weka boksi lenye giza na unyevu. Mayai yanaweza kuwa 30, 40 na zaidi, meupe, ganda laini kama ngozi, yameshikamana kuwa fungu moja, na mama amelizungushia mwili wote.

Umwachie au uyachukue? Porini mama ni mlezi hodari kuliko tulivyodhani. Mtafiti Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia chatu wa kusini mwa Afrika, akaonyesha mwaka 2018 kwamba jike huota jua hadi karibu aunguzwe, kisha hurudi shimoni kuyapa mayai joto lile, na mayai yakianguliwa hukaa na watoto kama wiki mbili zaidi. Muda wote huo hali kitu. Watu wa Nyakach, karibu na Ziwa Victoria, hawakuhitaji utafiti kumheshimu: mwaka 2003 chatu wao Omieri alipoonekana na mayai, wazee walimpokea kama baraka ya mvua na mavuno. Lakini kizimbani Karen hakuna jua la kuota. Sisi tunayachukua.

Inkyubeta yetu ni friji mbovu iliyotolewa mtambo, fundi akaweka waya wa joto na feni ndogo. Mayai yanakaa juu ya vamikulaiti ya agroveti (zile chembe za kuoteshea miche) iliyoloweshwa kiasi cha kushikana ukiikamua bila kudondosha maji. Joto nyuzi 31. Usiyageuze hata kidogo: yatie alama ya penseli upande wa juu, yabaki hivyo. Baada ya wiki moja mulika kwa tochi. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu. Lisilo na uhai linang'aa manjano tupu.

Mwaka mmoja stima ilipotea usiku na haikurudi hadi kesho yake mchana. Tulizungusha chupa za maji moto na kufunga friji kwa blanketi. Mayai kadhaa yalinywea na kuota ukungu, na baadhi ya watoto walitoka na uti wa mgongo uliopinda. Waliopinda sana tulilazimika kuwaua kwa msaada wa daktari. Iliniuma na bado inaniuma. Betri kubwa na inveta sasa naviweka kwenye bajeti kabla ya nyoka mwenyewe.

Kati ya siku 60 na 90 watoto hupasua ganda kwa jino dogo kwenye ncha ya taya la juu, wanatoa kichwa, kisha wanakaa hivyo hata siku nzima wakimalizia kiini. Usiwavute. Wakitoka wana nusu mita tayari na wanauma kila kitu. Usiwape chakula hadi wajivue gamba la kwanza, ndipo uanze na vipanya. Asiyekula, mweke peke yake kwenye boksi dogo lenye giza, umjaribu tena baada ya wiki.

Na hesabu hii ifanye kabla ya kupandisha. Watoto 40 ni maboksi 40, vipanya kila wiki, na kila mmoja aandikwe kwenye daftari ambalo KWS wanaweza kulikagua. Wanaoruhusiwa kuwapokea ni wachache, na kuwaachilia katika msitu wa Ngong ni kosa la kisheria na ni kupeleka magonjwa ya kizimbani kwa nyoka wa porini. Kwa hiyo tunaangua idadi ambayo tayari ina pa kwenda. Mayai mengine tunayagandisha siku yalipotagwa, kabla kilichomo hakijakua zaidi.