Cheni Inayokaza Hapa na Kulegea Pale: Tafuta Chanzo Kabla ya Kushika Spana

Katika Wadi ya Siongiroi, eneo la Chepalungu, pikipiki ndiyo hubeba maziwa asubuhi, mahindi siku ya soko na mgonjwa usiku. Tangu Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, chombo hiki kimeenea kila kijiji, na nyingi sasa zimezeeka. Tatizo moja la pikipiki kuukuu ni cheni isiyo na mkazo sawa: gurudumu likizungushwa, mahali pamoja cheni imekaza, mahali pengine inaning'inia.

Wengi hukaza tu na kuendelea na safari. Hatari ni kwamba ukikaza cheni sehemu iliyolegea, ile sehemu ngumu itakaza kupita kiasi mara tu gurudumu litakapozunguka. Hapo beringi na sili za giaboksi huumia, na cheni yenyewe inaweza kukatika. Cheni iliyokatika ikijisokota kwenye sproketi, gurudumu la nyuma hujifunga ghafla, na abiria ndiye huanguka kwanza.

Sikiliza sauti inatoka wapi

Mlio ukitoka ndani ya injini hata pikipiki ikiwa imesimama, tatizo si cheni ya nyuma. Huenda ni cheni ya taimingi au kikaza chake, na hiyo ni kazi ya fundi. Hata hivyo, injini zilizoundwa kwa mfano wa Honda CG125 ya mwaka 1976 hazina cheni ya taimingi. Hutumia fito za kusukuma valvu. Fahamu injini yako kabla ya kununua kifaa usichohitaji.

Jinsi ya kupima

1. Zima injini, ondoa ufunguo, weka gia huru na usimamishe pikipiki kwa stendi kubwa. Usizungushe gurudumu kwa nguvu za injini. Cheni hukata vidole.

2. Safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, kisha ipanguse. Matope yaliyokauka na kutu hufanya viungo vigome kukunjika. Kiungo kigumu kikilainika kwa mafuta, pima upya.

3. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Katikati ya cheni ya chini, isukume juu na chini, upime mchezo wake kwa rula. Rudia sehemu kadhaa.

4. Ukipata sehemu iliyokaza zaidi, weka alama ya chaki kwenye cheni, na nyingine kwenye sproketi ya nyuma mkabala nayo. Endelea kuzungusha mara kadhaa.

Alama inasema nini

Ugumu ukirudi kila alama ya sproketi inapofika palepale, sproketi haiko duara au beringi za habu zimekwisha. Ukirudi na alama ya cheni, ambayo huhitaji zaidi ya mizunguko miwili ya gurudumu kukamilisha mzunguko wake, basi cheni imevutika bila usawa.

Thibitisha kwa rula. Cheni namba 428, inayotumika kwa pikipiki nyingi ndogo, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Nyoosha cheni, hesabu nafasi 20: ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259, imevutika takriban asilimia 2 na wakati wa kuibadilisha umefika. Badilisha pamoja na sproketi zote mbili, kwani meno yaliyolika humaliza cheni mpya haraka.

Kukaza ipasavyo

Kaza ukiwa umeweka cheni kwenye sehemu yake ngumu zaidi. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mchezo wa milimita 20 hadi 30 hutosha, lakini kitabu cha pikipiki ndicho cha kufuatwa. Legeza nati ya ekseli, kaza pande zote mbili kwa kiasi kimoja, na uhakikishe alama za kushoto na kulia zinalingana. Kaza nati, rudisha pini ya usalama, kisha angalia breki ya nyuma, kwa sababu gurudumu likisogea nyuma, breki ya fimbo nayo hubadilika.

Mwisho, mwendeshaji na abiria wakae juu na mtu wa tatu aiguse cheni. Lazima ibaki na mchezo kidogo. Kama klipu ya kiungo imefunguliwa, upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda.

Hundi hii haichukui muda mrefu. Ifanye kila wiki, na mara nyingi zaidi msimu wa mvua, barabara zinapojaa matope. Abiria naye ana haki ya kutazama cheni kabla ya kupanda. Ikiwa inapiga bomba la cheni au inaruka meno, achague pikipiki nyingine.